Kiko cha Bwana Msa: mpelelezi wa Kiswahili, kutoka Makunduchi hadi kwa mzaliwa wa Kigoma

Mpelelezi asiye askari aliingia katika riwaya ya Kiswahili akiwa na kiko mdomoni. Jina lake ni Bwana Msa, na aliyemwumba ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Abdulla alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuhamia magazetini. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, ikatoka kitabuni mwaka 1960.

Mzimu unaotajwa humo ni mahali pa matambiko, panapoogopwa. Maiti ya tajiri mmoja inakutwa hapo, na wengi wanaona jambo limekwisha: wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa hakubali. Pamoja na rafiki yake Najum, huku Inspekta Seif akishughulika kwa upande wa polisi, anauliza maswali madogo, anasikiliza kuliko anavyosema, na anatafuta nani anafaidika na hofu ya watu. Hapo ndipo uzito wa kitabu ulipo. Msomaji aliyezoea kuambiwa kwamba kifo kina mkono usioonekana anafundishwa kuutafuta mkono wa binadamu. Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 kiliendeleza kazi hiyo hiyo, maana Giningi katika masimulizi ya Unguja ni makao ya wachawi. Vikafuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Ugomvi ulioviandama vitabu hivyo ulihusu uhalali wake. Wahakiki waliona kiko, rafiki wa kuandamana naye na ustadi wa kusoma alama ndogo, wakasema huyu ni Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle aliyevikwa mavazi ya Unguja. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 lawama ziliongezeka: fasihi ilitakiwa ijenge ujamaa, na hadithi za upelelezi zikawekwa katika fungu la riwaya pendwa, za kupitishia wakati. Hukumu hiyo ilikuwa kali kupita haki. Kufanana na Holmes kupo, lakini mtu wa London hawezi kutegua kitendawili cha Bwana Msa, kwa sababu ufunguo wake umo katika ndoa, urithi, nasaba na adabu za Waswahili. Abdulla aliazima umbo. Maarifa yalikuwa ya nyumbani.

Duniani kote hadithi za namna hii, zenye damu kidogo na udadisi mwingi, humpa kazi mtu wa kawaida. Agatha Christie alimleta Miss Marple, bibi wa kijijini, katika riwaya mwaka 1930. Alexander McCall Smith alianza mwaka 1998 kumwandika Precious Ramotswe wa Botswana, asiyeanza shauri bila kikombe cha chai. Mmarekani Laura Childs alikwenda mbali zaidi mwaka 2001: mpelelezi wake, Theodosia Browning, ni mwenye duka la chai mjini Charleston.

Katika Kiswahili njia ilipinda. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na humo mpelelezi ni polisi. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba, jasusi wa kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, katika Kufa na Kupona (1974). Udadisi wa barazani ukaipisha bastola.

Aliyewashika vijana wa miaka ya 1980 ni Ben R. Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma. Mpelelezi wake, Joram Kiango, hana cheo serikalini. Kwa hilo ni ndugu wa Bwana Msa, ingawa kasi yake ni ya Gamba. Tutarudi na Roho Zetu? ni miongoni mwa vitabu vyake vinavyotajwa sana. Hata hivyo Mtobwa aliielekeza kalamu Dar es Salaam, na Dar es Salaam Usiku inasema hivyo tangu kwenye jalada.

Nyanda za juu za Kigoma zikabaki nje ya ukurasa, nazo zina kila kitu ambacho Abdulla angekitaka. Kasulu na Kibondo asubuhi ni baridi, na mgahawa wa chai ya maziwa na chapati hukutanisha mkulima wa kahawa, dereva wa basi, mwalimu na mgeni kutoka upande wa Burundi. Mama mwenye mgahawa husikia Kiha, lugha ya wenyeji, na Kiswahili kwa pamoja. Daftari lake la madeni linamwonyesha nani amelipa ghafla na nani ameacha kuja. Miongoni mwa Msa, Gamba na Kiango hakuna mwuza chai hata mmoja, na hilo ni pengo la kusikitisha kwa mkoa uliomtoa Mtobwa.

Abdulla alifariki mwaka 1991, Mtobwa mwaka 2008, Musiba mwaka 2010. Mwandishi Hussein Tuwa ameendeleza riwaya ya taharuki, na simulizi nyingi sasa husomwa kwa sehemu kwenye simu.