Tofali la Samawati Chini ya Miguu ya Mungu

Katika sura ya 24 ya Kitabu cha Kutoka twaambiwa kwamba Musa na Haruni, Nadabu na Abihu, pamoja na wazee 70 wa Israeli, walipanda mlimani wakamwona Mungu. Mwandishi mtakatifu hathubutu kutueleza uso wa Mungu ulikuwaje. Anainamisha macho na kutuonyesha tu kile kilichokuwa chini ya miguu yake, nacho anakitaja kwa neno la Kiebrania sappir.

Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea husema yakuti samawi. Asikiaye hivyo, hasa aliyewahi kuona vito vinavyochimbwa Tunduru au katika bonde la Umba, hufikiri mara moja juu ya kile kijiwe kigumu, chenye kupenya mwanga kama maji safi. Jina ni lile lile, lakini jiwe silo. Neno la Kiebrania lilipita katika Kigiriki, kisha katika Kilatini, na katika Zama za Kati likahamia kwenye kito kingine. Na hata yakuti yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, asili yake ni neno la Kigiriki hyakinthos, lililokuwa jina la kitu tofauti kabisa. Majina ya vito husafiri kama wachuuzi, na njiani hubadilishana mizigo.

Basi sappir ilikuwa nini? Theofrasto, mwanafunzi wa Aristotle, aliyeandika juu ya mawe katika zama za karne ya 4 kabla ya Kristo, asema jiwe hilo lina madoadoa ya dhahabu. Plinio Mroma, aliyefariki mwaka 79, ashuhudia vivyo hivyo. Nacho Kitabu cha Ayubu, katika sura ya 28, kimewatangulia: kinapowasimulia wachimbaji wanaoning'inia mashimoni mbali na watu, kinaitaja sappir na papo hapo kinataja vumbi la dhahabu. Yakuti samawi ya leo haina vumbi hilo. Lenye nalo ni jiwe zito la buluu, lisilopenya mwanga, ambalo wataalamu huliita lapis lazuli. Chembe zake zing'aazo si dhahabu bali ni madini ya chuma na kiberiti. Tena majina ya makabila ya Israeli yalichongwa juu ya vito vya kifuko cha kifuani cha kuhani, na sappir ilikuwa katika safu ya pili. Jiwe hili la buluu lilichongeka vema kwa vyombo vya kale. Ile yakuti nyingine, inayozidiwa ugumu na almasi, ingewashinda mafundi wale.

Jiwe hilo lilitoka mbali mno. Machimbo yake mashuhuri yako Badakhshan, katika milima ya Afghanistan, na hadi leo watu huchimba huko. Leonard Woolley alipofukua makaburi ya Uru, mji ambao Kitabu cha Mwanzo chautaja kuwa ndiko alikotoka Abrahamu, alikuta mihuri, shanga na mapambo ya jiwe hilo yaliyozikwa na wakuu karibu mwaka 2500 kabla ya Kristo. Kutoka machimboni hadi Uru ni zaidi ya kilomita 2,000. Hata bahari ya Hindi haikuwa kizuizi kwa vito, lakini hiki kilivuka milima na majangwa. Lilikuwa jiwe la wafalme na la miungu yao.

Hapa ndipo twapaswa kukaa kidogo. Kitabu cha Kutoka hakisemi sappir peke yake. Chasema livnat hasappir, na neno hilo la kwanza lina undugu na neno la Kiebrania la tofali. Wako wanaolisoma kwa maana ya weupe au uangavu. Sisi twawafuata wale Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki, ambao waliandika waziwazi neno la tofali. Mtakatifu Yeronimo, katika Kilatini chake, aliweka jiwe, na sakafu ya Biblia yetu ya Kiswahili nayo haina tofali. Ni hasara, kwa maana wale wazee 70 walikuwa nani? Walikuwa watu waliotoka juzi tu katika kufyatua matofali ya Farao, wakikusanya nyasi wenyewe na kupigwa hesabu ilipopungua. Rashi, mwalimu wa Kiyahudi wa Troyes nchini Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, alieleza kwamba tofali lile lilikuwa mbele ya Mungu muda wote wa utumwa, ili akumbuke mateso ya Israeli.

Karne nyingi baadaye taifa lilichukuliwa tena, safari hii kwenda Babeli. Huko mfalme Nebukadneza alikuwa akijipamba kwa matofali pia: lango la Ishtar, ambalo sehemu yake ilijengwa upya Berlin na kukamilika mwaka 1930, lilipakwa rangi ya buluu yenye kung'aa ili lifanane na jiwe lile la thamani. Lakini ni udongo. Kuhani Ezekieli, mmoja wa mateka, akiwa kando ya mto Kebari, aliona juu ya anga kiti cha enzi cha sappir, na aliyeketi hapo hakuwa Nebukadneza.

Na katika sura ya 54 ya Isaya, ambayo wataalamu wengi waiweka katika miaka hiyo ya uhamisho, Mungu ausemesha mji wa Yerusalemu ulioteswa na kupigwa na tufani, akiahidi kwamba misingi yake ataiweka kwa sappir. Mji wenyewe ulikuwa bado magofu, na waliopewa ahadi hiyo walikuwa bado katika nchi ya lango la buluu.