Kutoka Simu ya Mdomo hadi Modemu: Safari ya Waya kati ya Jinja na Mbale

Makala haya yanahusu namna ofisi mbili zilizo mbali zilivyoweza kuunganisha mitandao yao kwa kupigiana simu, kabla intaneti haijaenea. Jinja na Mbale, miji ya mashariki mwa Uganda iliyotengana kwa kilomita zipatazo 150, inafaa kuwa mfano wetu, kwani huko historia ya waya haiko mbali na historia ya Kiswahili.

Neno simu asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Wazee walipotaka kutenganisha telegrafu na telefoni walisema simu ya mdomo. Chombo cha kupeleka habari bila waya wakakiita simu ya upepo. Mashariki mwa Uganda, waya uliandamana na reli, na Kiswahili kilienea pia kupitia wafanyakazi wa reli hiyo. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda vya Jinja vilizidi kukusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikatumika sana kazini.

Simu zenyewe zilikuwa mali ya shirika moja la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yaliwekwa Kampala kwa Mkataba wa 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ilibaki na shirika lake, tena katika miaka ya vita na uhaba. Sheria ya 1997 ililigawa shirika hilo, na Uganda Telecom ikaanza mwaka 1998.

Wakati huo kompyuta zilikuwa zimekwisha kujifunza kupigiana simu. Mwaka 1984 Mmarekani Tom Jennings alianzisha FidoNet, utaratibu wa kompyuta kuzikusanya barua na kupigiana usiku, gharama inapopungua. Mapema miaka ya 1990 njia hiyo ilitumika Makerere, katika kituo kilichojulikana kama MUKLA. Barua zilivushwa hadi London kwa simu, huko GreenNet ikizipeleka mbele. Barua haikufika papo hapo, lakini ilifika.

Tuchukulie sasa ofisi moja iko Jinja, nyingine Mbale, kila moja na kompyuta zake chache. Kila upande huhitaji kompyuta moja ya kukaa mlangoni, yenye modemu. Ile ya Jinja hupiga 045, msimbo wa Mbale, kisha namba; ya pili hupokea, modemu hulia na kukubaliana mwendo, halafu jina na neno la siri hukaguliwa. Hapo ndipo ofisi mbili huwa kama nyumba moja yenye ukumbi mwembamba sana.

Wembamba huo una hesabu yake. Modemu mbili zinapopigiana kwa laini za kawaida, mwendo hauzidi biti 33,600 kwa sekunde, hata kama sandukuni imeandikwa 56,000. Mwendo huo wa pili huhitaji upande mmoja uunganishwe na kituo cha simu kwa njia ya dijitali. Faili la megabaiti moja, basi, huchukua dakika nne kwa uchache, na laini yenye mikwaruzo huongeza. Kwa modemu ya zamani ya biti 2,400, faili hilo hilo lingechukua karibu saa nzima, na simu ya mbali hulipiwa kwa muda.

Mafundi walikuwa na mashaka mawili makubwa. La kwanza ni anwani: ofisi zote mbili zikizipa kompyuta zao namba za safu moja, ujumbe hupotea, mfano wa vijiji viwili vyenye jina moja. La pili ni gumzo. Kompyuta za ofisi hutangaza majina yao kila baada ya muda, na mlangoni pasipowekwa kizuizi, kila tangazo huweza kuamsha modemu ipige Mbale bila mtu kutuma chochote. Bili ya mwisho wa mwezi ndiyo huwaarifu wenye ofisi.

Kwa mwalimu wa lugha, hapa pana somo zuri la uundaji wa istilahi. Mtandao umetokana na tanda, ndugu yake utando wa buibui na mtandio wa begani. Barua pepe hutukumbusha upepo, ilhali barua hizo za kwanza zilipita ndani ya waya. Tarakilishi ilibuniwa kwa tarakimu na akili, nayo bado inapigana na kompyuta. Modemu haikupata mshindani wa maana. Pengine hakuna aliyeonea wivu kikasha kinacholia.

Simu za mkononi zilizoingia Uganda mwaka 1995 zilirudisha simu ya upepo, ingawa jina hilo halikurudi. Ukimwuliza mwanafunzi wa Mbale leo modemu ni nini, huenda akakuonyesha kijiti cha kuchomeka kwenye kipakatalishi. Hicho hakilii, wala hakina waya.