Jinsi ya kuunganisha majengo mawili kwa mtandao usiotumia waya

KIZINGITINI, mji wa wavuvi ulio kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu, ni miongoni mwa sehemu ambako kila kifaa cha mawasiliano hufika kwa chombo cha baharini. Katika mazingira hayo, shule au zahanati yenye majengo mawili haina sababu ya kulipia intaneti mara mbili. Huduma iliyofika katika jengo moja yaweza kuvushwa hadi la pili kwa mawimbi ya redio. Njia hiyo huitwa daraja la mtandao.

Waya wa kawaida wa mtandao haupaswi kuzidi mita 100. Umbali ukipita hapo, huhitajika mtaro na waya wa gharama kubwa zaidi. Daraja huhitaji vifaa viwili tu vyenye antena, kimoja katika kila paa, vikiwa vimeelekezwa uso kwa uso.

Kifaa cha kwanza huunganishwa na ruta inayopokea intaneti, na cha pili hupeleka huduma kwa kompyuta za jengo la pili. Vyote hupewa jina moja la mtandao, nenosiri moja na chaneli moja. Hata hivyo, kila kimoja sharti kiwe na anwani yake, kwani anwani zikifanana mawasiliano huvurugika. Ni busara kuvijaribu vyote juu ya meza moja kabla ya kupanda paani.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kudhani kwamba antena zikionana, basi yatosha. Mawimbi hayapiti mfano wa uzi ulionyooka. Hutanuka katikati ya safari, mithili ya umbo la mtumbwi. Kwa masafa ya gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita moja, nusu ya upana huo hufikia takriban mita 3.6. Kwa gigahezi 2.4 hufikia mita 5.6. Angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo iwe wazi. Kwa hiyo, antena iliyochungulia juu kidogo ya minazi itasumbua, hasa makuti yakilowa mvua, na mnazi mchanga wa leo utakuwa kizuizi baada ya miaka michache.

Umuhimu wa uwazi ulidhihirika nchini Venezuela mwaka wa 2007, pale mtaalamu Ermanno Pietrosemoli alipounganisha vilele viwili vya milima vilivyo umbali wa kilomita 382 kwa teknolojia hiyohiyo. Siri kubwa ilikuwa mwinuko na antena zilizolengwa barabara.

Daraja likipita juu ya mkono wa bahari, kuna jambo jingine. Maji huakisi mawimbi, na akisi hiyo hubadilika kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Mfundi apime nguvu ya mawimbi nyakati zote mbili, asiridhike na kipimo cha saa moja.

Usalama nao usipuuzwe. Ulinzi wa zamani uitwao WEP ulibainika kuwa dhaifu tangu mwaka wa 2001. WPA2, uliozinduliwa mwaka wa 2004, au WPA3 wa mwaka wa 2018, ndio unaofaa. Vilevile, anayetaka kuwauzia majirani huduma hiyo anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Hatimaye, hewa ya chumvi hula vyuma na viungio vya waya, nazo pepo za kusi huweza kugeuza antena isiyokazwa vyema. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, viungio vizibwe maji yasipenye, mlingoti uwe na waya wa kupeleka radi ardhini, na ukaguzi ufanywe kila msimu. Asiyeziba ufa, wahenga walisema, hujenga ukuta.