Ini la Prometheus kwenye Mialo ya Mara

Mwaka 1979 watazamaji wa sinema walitishwa na filamu ya Alien: kiumbe kutoka anga za mbali anajipenyeza mwilini mwa binadamu, analelewa humo, kisha anatoka kwa kupasua kifua. Mwaka 2012 mwongozaji yuleyule, Ridley Scott, alirudi na hadithi inayoitangulia ile ya kwanza, akaipa jina la Prometheus. Huyo, katika visasili vya Wagiriki wa kale, ndiye aliyeiba moto wa miungu akawapa binadamu. Zeus akaamuru afungwe kwenye mwamba, na kila siku tai alikuja kumla ini. Usiku ini liliota upya. Kukicha, tai amerudi.

Watunzi wa bunilizi za kisayansi wanahangaika kubuni vimelea vya kutisha kutoka sayari nyingine. Nikiutazama ukanda wa Ziwa Victoria mkoani Mara, kuanzia Kibara na Guta kule Bunda, hadi Mwigobero mjini Musoma, hadi kwenye matete ya Mto Mara upande wa Butiama, naona kimelea kisichohitaji kubuniwa. Nacho kinaharibu ini.

Mnyoo wa kichocho cha tumbo, kwa jina la kisayansi Schistosoma mansoni, ana urefu wa sentimita moja hivi. Dume ana mfereji uliokunjwa kwa urefu wa mwili wake, na jike huingia humo akatulia, wawili hao wakiishi wamekumbatiana ndani ya mishipa inayopeleka damu kutoka utumbo kwenda kwenye ini. Hukaa hivyo miaka mitano, kumi, wengine hata zaidi ya ishirini. Hujipaka chembechembe za mwili wa mtu, hivi kwamba kinga ya mwili ikipita inawadhania wenyeji. Jike hutaga mayai mamia kwa siku. Mengine hupenya utumbo na kutoka na choo; mengine huzolewa na damu hadi kwenye ini, yakakwama huko. Madhara makubwa hutokana na mayai hayo. Mwili huyazingira, kila yai likaacha kovu, na makovu yakizidi damu hukosa pa kupita. Ndipo tumbo linapojaa maji, bandama inapokuwa kubwa, na siku moja mtu mzima aliyekuwa akivuta nyavu na wenzake anatapika damu. Tumbo la namna hiyo limesababisha majirani wengi kushukiwa uchawi bure.

Kimelea hiki, tofauti na cha sinema, ni mwenyeji wa huku. Uchunguzi wa vinasaba unaelekeza asili yake Afrika Mashariki. Ndugu yake wa kichocho cha mkojo, ambaye huku kwetu anafuata zaidi malambo ya kunyweshea ng'ombe na madimbwi ya bara, alikwisha kuwatesa Wamisri wa enzi za mafarao: mwaka 1910 Marc Armand Ruffer aliona mayai ya kichocho katika figo za maiti zilizokaushwa miaka 3,000 iliyopita. Theodor Bilharz alikuwa amemwona mnyoo mwenyewe mjini Cairo mwaka 1851. Lakini muda mrefu ulipita bila mtu kujua anaingiaje mwilini. Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki walionyesha kwamba mnyoo wa kwao hupitia kwa konokono, na miaka miwili baadaye Robert Leiper akathibitisha vivyo hivyo Misri.

Kabla ya hapo kimelea kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari. Waafrika waliofungwa minyororo na kupakiwa melini kwenda Brazili na visiwa vya Karibi walikibeba mwilini, na kwa kuwa kule kulikuwa na konokono wa jamii inayokifaa, kilistawi hadi leo. Amerika nayo ikatuletea wa kwake. Mwaka 1872 meli ya Thomas Mitchell, iliyotoka Brazili, ilifika Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga wa kuiongezea uzito, na ndani ya mchanga huo walikuwamo funza wa miguuni. Kwa misafara ya biashara na ya Wazungu, kutoka mguu hadi mguu, funza walilivuka bara zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wamefika ukanda wa ziwa hili, na kabla karne haijaisha walikuwa Zanzibar. Miaka hiyohiyo sotoka ilikuwa inamaliza ng'ombe, na njaa ikafuata. Wazee waliopitia kipindi hicho, ng'ombe wamekufa na vidole vya miguu vimeoza kwa funza, walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mbingu imewageuka.

Kisha malale. Mlipuko ulioanzia Busoga karibu na mwaka 1900 uliua watu wanaokadiriwa kufika 250,000 katika ukanda wa Uganda pekee. Robert Koch alikuja visiwa vya Sese mwaka 1906 kujaribu dawa ya atoksili, ambayo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Malale ilitisha, na serikali zote za kikoloni ziliikimbilia, kwa sababu iliua upesi na kuhamisha vijiji. Kichocho hakikukimbiliwa na mtu. Kinaua polepole, wengi walio nacho wanakwenda shambani na ziwani kama kawaida, na mtoto anayedumaa au kusinzia darasani kwa upungufu wa damu anaitwa mvivu. Naona hiyo ndiyo siri ya maisha yake marefu kuliko ujanja wote wa kujificha ndani ya damu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ziwa lilipata mgeni mwingine kutoka Amerika ya Kusini: gugu maji. Likafunika ghuba na mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka, na chini ya majani yake konokono wa kichocho wakapata kivuli na chakula. Mgeni akamjengea nyumba mwenyeji.

Dawa ipo. Prazikwanteli ilitengenezwa miaka ya 1970 nchini Ujerumani, na tangu katikati ya miaka ya 2000 Tanzania imekuwa ikiigawa shuleni. Siku ya dawa watoto hunyweshwa uji kwanza, maana ikikuta tumbo tupu inachefua. Kila mmoja anasimamishwa kwenye kijiti chenye alama, na urefu wake ndio unaoamua idadi ya vidonge. Ni vikubwa na vichungu; wapo wanaovificha shavuni wakavitema nyuma ya darasa. Walio wengi wanameza, na dawa inafanya kazi yake. Jioni wanarudi ziwani kuoga, kuchota maji, kusaidia kuvuta kokoro.

Konokono mmoja aliyeingiwa na kiluwiluwi mmoja aliyeanguliwa kwenye yai lililofika majini huweza, baada ya wiki chache, kutoa maelfu ya viluwiluwi wenye mkia, nao hutoka zaidi jua likiwa kali, saa zilezile ambazo akina mama wanafua na watoto wanaogelea. Dakika chache zinatosha kupenya ngozi. Tena prazikwanteli haiui minyoo wachanga, kwa hiyo aliyeambukizwa wiki mbili kabla ya siku ya dawa anabaki nao. Katika kisasili, mateso ya Prometheus yalikwisha pale Herakles alipomuua tai kwa mshale. Sisi tumekuwa tukilitibu ini, na tai tumemwacha.

Japani walimfuata tai. Katika mkoa wa Yamanashi walisakafia mifereji ya mashamba kwa saruji, konokono wakakosa pa kuishi, na mwaka 1996 ugonjwa ukatangazwa kwisha. Zanzibar nako, dawa ikiunganishwa na kuua konokono na elimu, kichocho cha mkojo kimepungua sana. Lakini vijito vya Unguja huwezi kuvilinganisha na ziwa la kilomita za mraba 68,800. Hakuna sumu ya kumwaga humo, na hakuna wa kulisakafia. Kinachowezekana Mara ni kuzuia mayai yasifike majini na ngozi isiguse maji ya ziwa ambayo hayajasafishwa au kukaa chomboni.

Hapo ndipo mabomba yanapokuwa tiba. Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, kwa fedha za Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika (BADEA) na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, unayachukua maji ziwani, unayasafisha na kuyapandisha bara. Mama wa Butiama anayefulia bombani ameepuka hatari ambayo vidonge vya kila mwaka haviwezi kumwepushia. Hata asiye na bomba, maji ya kumwogeshea mtoto yakikaa kwenye pipa siku mbili, bila konokono ndani, viluwiluwi hufa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha dawa ya watoto wadogo kuanzia miezi mitatu, walioachwa nje ya mpango wa shule miaka yote hii huku wakiogeshwa maji ya ziwa kwenye beseni. Nataka ifike Kibara na Mugango mapema.

Wavuvi ndio wamebaki. Mvuvi wa dagaa anashinda majini na kulala majini, na mialo mingi haina choo kinachostahili jina hilo. Halmashauri zinatoza ushuru kwenye mialo hiyo kila siku. Choo cha mwalo, chenye shimo lililojengwa mbali na mkondo wa mvua, kijengwe kwa ushuru huo, na kiingizwe kwenye bajeti ya mwaka huu.