Amri ya 1974 na Mashine Iliyohitaji Runinga

Historia ya kompyuta nchini mwetu huelezwa kama historia ya amri na sera. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Jaribio la kuendesha hesabu za umma kwa mashine likaleta hasara, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukapigwa marufuku. Masharti yalilegezwa polepole, hata mwaka 2003 ikatoka sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Wanafunzi wangu huandika mlolongo huu katika mitihani na hupata alama zao. Hata hivyo, mlolongo wenyewe haumtaji fundi hata mmoja.

Marufuku ile iligusa runinga pia, na hapa ndipo kisa cha Unguja kinapoachana na cha Bara. Kompyuta za nyumbani zilizoenea duniani katika miaka ya 1980, kama vile Sinclair ZX Spectrum na Commodore 64, zote mbili za mwaka 1982, kwa kawaida hazikuuzwa na kioo chake. Zilichomekwa katika tundu la antena la runinga ya ukumbini. Mkaazi wa Bara alikosa vyote viwili. Huko ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, mwaka uleule kampuni ya Commodore ilipofilisika. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nusu ya kompyuta, kwa maneno mengine, ilikuwa imeshakaa ukumbini ikimsubiri mwenzake. Biashara ilipofunguliwa mwaka 1984, chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Rais wa Zanzibar wakati huo, nusu ya pili ikaanza kuingia kidogokidogo, ndani ya mabegi ya wasafiri wa Dubai na Maskati.

Yetu ililetwa na marehemu ami yangu mwaka 1986, nayo ingali inafanya kazi nyumbani Kizimbani. Wageni huja kijijini kwetu kutazama mikarafuu na magofu ya hamamu za enzi za Sayyid Said. Sijapata kumwona aliyekuja kutazama Commodore 64, na simlaumu: ni kibodi nene ya rangi ya udongo, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, ambayo leo haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu.

Kuitunza si mchezo. Adui wa kwanza ni unyevu. Wakati wa masika miguu ya chipu hushika kutu ndani ya soketi zake, na mashine huwaka kioo kitupu. Dawa yake ni kuzing'oa chipu moja moja kwa uangalifu, kuzisafisha kwa spiriti na kuzirudisha. Kanda za kaseti, ambamo programu zimehifadhiwa, huota ukungu. Adui wa pili ni umeme. Tulikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, na kila aliyekuwepo anakumbuka vifaa vilivyoungua kwa jenereta mbovu. Wengi tulinunua stebilaiza tukadhani tumesalimika. Kumbe Commodore ina hatari iliyojificha ndani ya transfoma yake yenyewe, iliyozibwa kwa utomvu mgumu usiofunguka kwa urahisi. Ikizeeka, volti 5 inazopaswa kutoa huweza kupanda bila dalili yoyote, na chipu za kumbukumbu zikafa. Stebilaiza ya ukutani haiwezi kuzuia hilo.

Aliyeligundua hilo kwa mashine yetu ni fundi redio wa Darajani. Hakusomea kompyuta. Alipima volti kama anavyopima za redio, akatikisa kichwa, akaitupa transfoma ile na kutengeneza nyingine yenye njia mbili, volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Kaseti zilipokataa kusomeka, alikaza skrubu ndogo ya kichwa cha kusomea, kazi aliyoizoea kwa miaka mingi katika redio kaseti za wapenzi wa taarab. Ujuzi wa kuitunza kompyuta hapa Unguja ulitoka kwa redio, wala haukupitia darasani wala katika sera.

Mtumishi wa umma anaweza kuuliza hili linamhusu nini. Nilialikwa katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kutazama kabati lenye masanduku ya diski za miaka ya 1990, kazi za miradi iliyokwisha na wafadhili waliokwisha kuondoka. Kompyuta zilizoziandika zilikuwa zimeuzwa kwa mnada kama vyuma chakavu, kwa kufuata taratibu zote. Iliyobaki ilikuwa moja, na betri ya ubao wake ilikuwa imevuja na kuzila njia za shaba. Betri ile ingekatwa na kutolewa mapema kwa kazi ya dakika kumi, mashine ingepona.

Diski za inchi 3.5 tulizisoma, zile zisizoota ukungu, kwa kifaa cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye USB. Za inchi 5.25 hazina kifaa cha namna hiyo. Zinataka mashine ya kusomea ya zamani, na mtu anayejua kuisafisha na kuiunganisha. Nimewaandikia wakuu wa ofisi ile kupendekeza kwamba kabla ya mnada wowote ibakizwe kompyuta moja ya kila kizazi, na fundi alipwe kuja kuiwasha kila baada ya miezi mitatu. Fundi niliyempendekeza ana zaidi ya miaka sabini. Wameniuliza ana cheti gani.