Ushuhudiaji wa hati, Old Kampala

Ushuhudiaji wa hati ni kazi ya kuthibitisha kwamba mtu ametia sahihi yake mbele ya afisa anayetambuliwa na sheria. Australia, kazi hiyo hufanywa bure na mahakimu wa amani wa kujitolea. Nchini Uganda, kazi hiyo hugawanywa kati ya makamishna wa viapo na viongozi wa mitaa.

Kamishna wa viapo ni wakili anayeteuliwa na Jaji Mkuu. Huapisha watu, hushuhudia hati za kiapo na hutoza ada. Sheria inamzuia kushuhudia kiapo katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi nalo. Ni lazima aandike mahali na tarehe ya kiapo.

Old Kampala ni kilima jijini Kampala ambako afisa Mwingereza Frederick Lugard alijenga ngome mwaka 1890, na ambako sasa upo Msikiti wa Taifa. Kama kwingineko nchini, mkazi wake anayehitaji kushuhudiwa hati huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, ngazi ya chini kabisa ya mabaraza ya mitaa, yaliyotokana na mabaraza ya upinzani (Resistance Councils) ya serikali ya National Resistance Movement (NRM). Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi. Uchaguzi wa Julai 2018 ulikuwa wa kwanza tangu 2001. Barua ya mwenyekiti yenye muhuri humtambulisha mkazi, na mara nyingi mwenyekiti mwenyewe hushuhudia mauziano ya ardhi. Hata hivyo, muhuri huo hauchukui nafasi ya kiapo: hati ya kiapo ya mahakamani huhitaji kamishna wa viapo au afisa mwingine aliyeruhusiwa kisheria.