Sahani ya Peke: Watoto wa Kifafa na Huzuni Yao

Wengi wetu tuliokulia Kolwezi tunaikumbuka sahani ile. Ilikuwa ya bati, iliwekwa kando, hakuna mwengine aliyekulia ndani yake. Ilikuwa ya mtoto anayeanguka. Wakubwa walituonya: «Usimuguse, mate yake iko na ugonjwa!» Alipoangukia karibu na mbabula, watu walirudi nyuma hata kama mkono wake ulikuwa ndani ya makala. Tuseme kweli: na sisi tulirudi nyuma.

Kifafa hakiambukizi. Ni ugonjwa wa ubongo, na katika inchi zetu mara nyingi unaachwa na malaria iliyopanda kichwani ama uzazi mgumu. Lakini kuogopa mate hakukuwa kwa kwetu tu. Huko Mahenge, Tanzania, munganga mmoja mzaliwa wa Norway, mama Louise Jilek-Aall, alikuta jambo lile lile kwa Wapogoro, alipoanzisha kliniki ya kifafa karibu mwaka 1960. Wagonjwa waliishi pembeni, wengine na makovu ya moto. Wengine walikufa maji. Aliwapa fenobarbitali, dawa ya bei ndogo inayotumika tangu 1912, na wengi walipata nafuu. Sisi tunamheshimu zaidi kwa jambo lingine: hakuangalia kuanguka tu. Mwaka 1997, yeye na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya maisha ya wagonjwa hao kati ya watu: woga, aibu, kutengwa.

Hapo ndipo penye shida yetu. Mtoto tuliyemjua aliacha kucheza, kisha akaacha masomo, kisha akaacha kusema. Nyumbani walisema: «Ametulia sasa.» Hata sisi tulimsifu kwa utulivu wake! Leo tunajua kwamba watoto wenye kifafa wanapata huzuni nzito, ile inayoitwa depresioni, kuliko watoto wengine. Kwa mtoto, huzuni hiyo haitoki kila mara kwa machozi. Inaweza kuwa hasira ya bure, tumbo linalouma bila sababu, kukosa usingizi, kukataa bukari.

Tena kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi: fenobarbitali yenyewe inaweza kumfanya mtoto awe mkali ao mwenye huzuni. Si sababu ya kuitupa. Dawa ikikatwa ghafla, kuanguka kunaweza kurudi kwa nguvu, hata kuua. Ni kurudi kwa munganga na kumueleza yote, si hesabu ya kuanguka peke yake.

Zamani za Gécamines, mtoto wa mfanyakazi alitibiwa katika hospitali ya kampuni. Kampuni ilianguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Tangu hapo dawa ya kila siku inatoka mfukoni mwa baba, ama mwa mama anayeuza sokoni. Franga zikikosekana juma moja, mtoto anaanguka tena, na majirani wanasema dawa ya wazungu imeshindwa.

Na yule mtoto wetu? Shangazi yake alitoka Likasi kututembelea. Alinawa mikono, akaketi chini, akala naye ndani ya sahani ile ile. Wakubwa walinyamaza. Kesho yake alikula naye tena.